Dawa Iliyobaki Dukani

Ardith Stidham hakuwa mtu wa kudaiwa, na ukitaka kumuudhi uliguse jambo hilo tu. Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mfupi, mdomo haupungukiwi jibu, amekaa Hollis Fork tangu azaliwe, na hakuna duka katika mji ule linaloweza kusema limewahi kumfuata kwa senti. Ndiyo maana ile asubuhi ya Januari, aliposimama kwenye kaunta ya duka la dawa na mfamasia Lyle Cantrell akamtajia bei ya dawa ya mumewe kwa sauti ya chini kama anayetoa habari za msiba, Ardith alimtaka arudie. Lyle akarudia. Ilikuwa imepita dola elfu mbili.

Si kwamba hakuijua bei hiyo. Kila Januari bima ya wazee huanza upya. Unabeba sehemu yako mpaka ufike kikomo cha mwaka, halafu miezi inayobaki unachukua dawa bila kutoa kitu. Dawa ya Burlin ilikuwa ghali kiasi kwamba kikomo chote kilimalizwa na mfuko mmoja, ule wa kwanza. Mwaka uliotangulia walikuwa wamejiwekea hela za shughuli hiyo. Safari hii mtambo wa kupasha nyumba joto ulikufa kabla ya Krismasi, ukazimeza zote, na wazee wawili hawawezi kulala kwenye barafu eti kwa sababu wanangoja Januari.

Lyle, kijana mstaarabu anayemwita kila mwanamke mzima Bi, akamwambia asihangaike. Upo mpango wa kuigawa hiyo sehemu yake, alipe kidogo kidogo kila mwezi hadi Desemba. Hapa dukani hawezi kumwandikisha, ni lazima apige simu kwenye kampuni yake ya bima. Alikuwa bado anaeleza, lakini foleni nyuma ilikuwa imenyamaza kimya cha watu wanaotega masikio, na Ardith aliona uso unamuwaka. Akachukua karatasi yenye namba ya simu, akaaga, akatoka.

Sasa hapa nieleze kosa lake vizuri, maana usipolielewa utamwita mjinga, na Ardith hakuwa mjinga hata kidogo.

Pale Hollis Fork palikuwa na duka la Tackett, kabla halijafungwa. Kwa Tackett watu wote walinunua kwa kuwekewa. Unachagua koti la mtoto mwezi wa nane, unatoa dola chache, Tackett analifunga kwenye karatasi, anaandika jina lako, analipandisha stoo. Kila ukipata mshahara unapita unapunguza. Baridi ikifika umemaliza, unapewa koti lako unaondoka kichwa juu. Baiskeli za Krismasi zilitoka hivyo. Kitanda cha ndoa ya Ardith kilitoka hivyo, na yeye na Burlin walilala juu ya godoro chini mpaka senti ya mwisho ilipolipwa, wakicheka. Hakuna aliyebeba kitu kabla ya kukimaliza. Hilo halikuwepo.

Njia nyingine ya kulipa polepole Ardith aliijua pia, na aliichukia. Baba yake alichimba makaa ya mawe, na duka la kampuni ya mgodi lilimpa unga, mafuta, viatu, chochote, achukue sasa wakate baadaye. Walikata mpaka siku ya mshahara mzee akawa anarudi mikono mitupu, na wakaendelea kumkata hata alipokuwa kitandani anatapika damu. Mama yake Ardith aliapa kwamba katika nyumba yake hakitaliwa kitu ambacho hakijalipiwa. Binti akakua na kiapo hicho tumboni.

Basi mtu wa namna hiyo ukimwambia atalipa dawa kidogo kidogo kila mwezi, ataelewa nini? Ataelewa Tackett. Ataelewa kwamba dawa inafungwa, inaandikwa jina la Burlin, inakaa rafuni, na siku akimaliza kulipa ataibeba.

Renita, binti yao aliyeolewa Dayton, ndiye aliyempigia simu ya bima na kumuunganisha mama yake. Mwanamke wa bima alisoma maelezo marefu kwa mbio, kama anayewahi basi. Alisema dukani hutalipa chochote, bili itakuja nyumbani kila mwezi. Ardith alisikia kila neno, na kila neno lilikaa sawa na lile alilokwisha kuliamini. Bila shaka dukani halipi, analipa bima, na bima wakiridhika watamwambia Lyle aitoe. Aliuliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kumaliza mapema. Akajibiwa anaruhusiwa, wakati wowote. Roho ikamtulia. Hata kwa Tackett ukipata hela ghafla ulikuwa unamaliza mapema.

Hesabu yake ilikuwa hii: marejesho ya kodi yangefika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Akiongeza na hela za mablanketi ya viraka aliyokuwa akishona, atalimaliza deni lote kwa mkupuo na kuibeba dawa. Kazi ilikuwa kumvusha Burlin mpaka hapo kwa vidonge vilivyobaki tangu Desemba. Na vilivyobaki havikuwa vingi.

Burlin alikuwa na presha ya mapafu. Vumbi la mgodi lilimwachia mapafu yaliyokakamaa, na mishipa ya humo ndani ikabana mpaka moyo ukawa unasukuma damu kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Dawa ile ndiyo iliyoilegeza. Asubuhi kidonge, jioni kidonge. Daktari alisema mbele yao wote wawili kwamba isikatwe ghafla hata kwa bahati mbaya, kwa sababu mishipa itabana tena na safari hii huenda moyo usiweze. Ardith aliyakumbuka maneno hayo vizuri mno. Alijiambia yeye hakati. Anapunguza.

Kwa wiki ya kwanza aliondoa kidonge cha jioni. Burlin alikuwa na kisanduku chake chenye vyumba vya siku za wiki, na Ardith ndiye aliyekijaza kila Jumapili baada ya kanisa, kazi aliyoifanya kwa miaka na kuionea fahari. Mahali pa kidonge cha jioni aliweka kidonge cha vitamini, cha duara, cha manjano, karibu sawa kwa ukubwa. Burlin hakuwa mtu wa kukagua. Alikimimina kiganjani, akakitupa mdomoni, akashushia kahawa, akarudi kwenye mpira wake wa kikapu.

Wiki ya pili akaondoa na vya asubuhi, siku moja aviruke, siku moja avirudishe. Jamani, si kwamba hakuona anachokifanya. Aliona. Lakini kila akijiuliza amwambie nani, hapakuwa na mtu. Renita? Mume wa Renita alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na Renita angejinyima chakula atume hela. Kanisani? Heri afe. Burlin mwenyewe? Burlin angesema basi, dawa yenyewe aache, mwaka huu wapumzike, na angelisema akitabasamu, na hapo angekuwa amejiua mbele yake kwa adabu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Akanyamaza.

Duka la dawa lilikuwa linapiga simu. Ilikuwa ni sauti ya mashine, ya kike, yenye uchangamfu wa kuudhi, ikisema dawa iko tayari kuchukuliwa. Ardith aliikata. Mashine itajua nini kuhusu nani amelipa na nani hajalipa? Mara mbili namba ileile ilipiga na hakuna aliyeacha ujumbe. Akaikata pia. Renita alipouliza kwenye simu kama baba amepata dawa, Ardith alijibu mambo yote yako sawa, akageuza maneno haraka kwenye wajukuu.

Mambo hayakuwa sawa. Mwanzoni Burlin alianza kupumzika katikati ya ngazi za varanda, akisingizia anatazama ndege. Kisha viatu vikamkataa, miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Akahamia kwenye kiti kikubwa cha sebuleni na kulala hapo akiwa amekaa, kwa sababu akijinyoosha alihisi anazama. Midomo ikapata rangi ya bluu pembeni. Ardith alimpikia maharage na mkate wa mahindi, akakaa karibu naye akihesabu pumzi zake bila kujua kwamba anahesabu.

"Nadhani hii dawa imenizoea," Burlin alimwambia siku moja. "Mwili umeshaujua ujanja wake."

"Ni baridi tu," Ardith alisema. "Ikipita utakuwa sawa."

Alimtaka waende hospitali. Burlin akakataa, akasema hospitali ya mkoa ni mahali pa kwenda ukitaka kuambukizwa ugonjwa usio wako. Na Ardith, Mungu amsamehe, hakusisitiza. Alijua swali la kwanza watakalouliza.

Bili ya kwanza ilipofika aliilipa siku hiyohiyo. Siku ya pili aliamka akakuta vidonge halisi vimebaki vinne. Marejesho ya kodi hayakuwa yamefika. Alikaa mezani jikoni, akatazama dirishani, na macho yake yakaangukia pikapu ya Burlin, ile ya kijani, imekaa uani imefunikwa theluji. Burlin hakuwa akiendesha tena. Lakini siku zenye jua alikuwa akienda kukaa ndani yake, anawasha redio, anasikiliza mechi, mkono kwenye usukani. Alisema redio ya nyumbani haina masikio.

Cletis Noble, jirani yao wa chini ya mlima, alikuwa ameitamani pikapu ile tangu enzi. Ardith alimpigia. Cletis, mwanamume mwenye moyo mzuri na maneno machache, alikuja mchana na bahasha ya hela, akasimama sebuleni na kofia mkononi akimtazama Burlin kwa namna ambayo Ardith hakuipenda. Alimuuliza Burlin hali. Burlin alitaka kufanya mzaha, lakini sentensi ilimshinda katikati, ikabidi aimalizie kwa mkono.

"Cletis anaiazima pikapu," Ardith alimwambia mumewe. "Atanipeleka mjini, narudi sasa hivi."

Alimwachia simu juu ya paja, blanketi miguuni, glasi ya maji karibu. Alipogeuka mlangoni Burlin alikuwa anamtazama, kifua kikipanda na kushuka kwa kasi, na alimpungia vidole viwili tu.

Njiani hawakuongea sana. Cletis alisema mara moja tu kwamba yeye angempigia simu ya gari la wagonjwa mtu mwenye rangi ile. Ardith akamwambia dawa ndiyo wanayoifuata, wafike tu, wachukue, wageuze. Bahasha aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa amepiga moyo konde kwamba hataki tena habari za bima na bili, atamwekea Lyle hela yote juu ya kaunta, na Lyle atampa mfuko, basi.

Dukani kulikuwa na watu watatu mbele yake. Aliwapita wote. Maisha yake yote hakuwahi kuruka foleni.

"Bi Ardith," Lyle akasema. "Nimekuwa nakutafuta. Nimekupigia mwenyewe, mara mbili."

Ardith akaiweka bahasha juu ya kaunta. Akamwambia amekuja kumaliza, hela zote zimo, ahesabu, ampe dawa ya Burlin. Lyle hakuigusa bahasha. Aligeukia kompyuta, akabonyeza, akasoma, akageuka tena akiwa amekunja uso.

"Hapa hudaiwi kitu," alisema. "Umejiandikisha kwenye ule mpango. Dawa unachukua bure, bili ndiyo inakuja nyumbani."

"Nimelipa mwezi mmoja tu."

"Ndiyo. Na mingine utaendelea kulipa."

"Na dawa?"

"Dawa ilikuwa tayari siku mbili baada ya kujiandikisha." Lyle alishusha sauti. "Ilikaa hapa na jina lake. Muda wa kuiweka ulipopita ikabidi niirudishe rafuni, lakini sikuirudisha kwa msambazaji. Hakuna mwingine wilaya nzima anayeitumia. Bi Ardith, ulikuwa unangoja nini?"

Angesema nini? Kwamba alikuwa anamngoja Tackett, aliyekufa zamani na duka lake sasa linauza simu? Akashika ukingo wa kaunta. Aliiona yote kwa pamoja, wiki zile zote, kisanduku, vitamini, miguu inayong'aa, midomo ya bluu, na muda wote huo dawa imekaa mahali ambapo angeweza kuja kuinyakua kwa mkono mtupu. Alitaka kupiga yowe. Foleni ilikuwa nyuma yake, imetega masikio tena.

Lyle alikwenda nyuma akarudi na mfuko wa karatasi. Kabla hajamkabidhi akauliza, kwa upole lakini bila kuzunguka, kama Burlin amekosa siku zozote.

"Kwa sababu dawa hii ina tabia yake," alisema. "Mtu akiiacha au kuirukaruka kwa siku kadhaa haruhusiwi kurudi kwenye kiasi chake kamili. Anaanza chini kabisa, kama mgeni. Akipewa kiasi kizima presha yake ya mwili inaweza kuporomoka asiamke. Amekosa?"

"Hajakosa," Ardith alisema. "Alikuwa na akiba."

Lyle alimtazama. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa dawa hizo kila mwezi, na alijua hakuna akiba. Lakini nyuma yake Ardith kulikuwa na watu, na Lyle alikuwa kijana mstaarabu. Akamsukumia mfuko, akasema atampigia daktari hata hivyo. Ukweli usemwe, hata kuchukua mfuko ule Ardith alichelewa. Mkono ulikataa kubeba kitu ambacho hakijalipiwa. Ikabidi Lyle amwekee mkononi.

Walipofika nyumbani Burlin alikuwa sakafuni, kati ya kiti na mlango wa jikoni. Alikuwa macho. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega, kwa shingo, kwa kila kitu alichonacho, na hewa haiji. Cletis ndiye aliyepiga simu. Ardith alipiga magoti, akamwinua kichwa, na mfuko wa dawa ukawa kati yao kwenye busati, na hakuthubutu kuufungua.

Hospitali walimweka kwenye chumba cha dharura, wakamfunika pua na mdomo kwa oksijeni, wakamtundikia maji, wakambandika nyaya kifuani. Baada ya muda alipata rangi kidogo, akaweza kusema maneno mawili matatu kwa mkupuo. Daktari wa zamu, mwanamke mwenye macho yaliyochoka, alisoma historia yake, akasema dawa kama ile hospitali haiweki, familia ikiwa nayo watumie ya kwao, aendelee na kiasi chake cha kawaida. Akatoka kumwona mgonjwa mwingine. Muuguzi akauchukua mfuko kutoka mapajani mwa Ardith, akaufungua, akahakiki jina na kiasi, akamimina kidonge kwenye kikombe kidogo cha karatasi.

"Unatumia kila siku, mzee?" muuguzi alimuuliza.

Burlin akaisogeza barakoa pembeni. Alitaka kulijibu hili mwenyewe.

"Asubuhi na jioni," alisema, akapumua. "Huyu hapa hanipi nafasi ya kusahau."

Akamtazama mkewe, na kwenye uso ule uliosinyaa palikuwa na kitu kama fahari.

Muuguzi akainua kikombe. Ardith aliona mkono wake ukisogea, aliona kidonge cha manjano, kile halisi, kikiteleza kuelekea ukingoni. Akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua. Burlin atakufa akiwa anamwamini, watu watasema ni mapafu, watu wa kanisa wataleta vyakula, na yeye atakaa mbele kwenye benchi akiwa mjane mwema. Hayo yote yalimpitia kichwani, na sitamtetea.

"Usimpe," akasema.

Muuguzi akasimamisha mkono.

"Hajanywa dawa hiyo sawasawa. Karibu mwezi. Nilikuwa nampa vitamini." Sauti yake ilitoka kavu, ya juu, hata yeye hakuitambua. "Yeye hajui. Mimi ndiye ninayejaza kisanduku. Ukimpa kiasi kizima utamuua."

Kikombe kilishuka. Muuguzi akatoka haraka kumwita daktari, na mlangoni alisikika akiita kwa jina. Wakabaki wawili na sauti ya mashine.

Burlin alikuwa bado ameishika barakoa pembeni ya uso. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Hela zilikwisha?" aliuliza hatimaye.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Angesema ndiyo, na lingekuwa jambo la kusameheka, umaskini wao wote wawili. Lakini alikuwa amekwisha kuanza kusema kweli na hakuweza kusimama.

"Dawa ilikuwepo," alisema. "Ilikuwa dukani, ina jina lako. Nilidhani hawaitoi mpaka tumalize. Nilidhani ni kama kwa Tackett."

"Ilikuwa pale."

"Ilikuwa pale."

Burlin akairudisha barakoa usoni, akageuzia kichwa upande wa ukuta. Ardith alinyoosha mkono kumshika bega, akauacha hewani, akaurudisha.

Burlin aliponea, lakini kwa shida. Walimwanzishia dawa upya, kwa kiasi cha mgeni kama Lyle alivyosema, wakimpandisha pole pole, na alikaa huko mpaka theluji ikayeyuka. Daktari mwenye macho yaliyochoka alimweleza Ardith kwenye korido, bila kumkaripia, kwamba kilichopotea kwenye moyo wa mzee hakitarudi chote. Renita alikuja kutoka Dayton, akaambiwa, akalia, akafoka, kisha akamkumbatia mama yake kwa hasira ileile. Cletis alijaribu kuirudisha pikapu. Ardith akakataa, akasema mauzo ni mauzo, na zile hela akapeleka bima akamaliza miezi yote iliyobaki kwa mara moja, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo.

Burlin alirudi nyumbani na mtungi wa oksijeni wa magurudumu. Hakumtukana mkewe hata siku moja. Alikula alichopikiwa, alishukuru, alimtania jirani, aliuliza habari za wajukuu. Watu wakisema amepata mke wa kumtunza alikubali kwa kichwa.

Ila asubuhi na jioni Ardith alipomletea kidonge na maji, Burlin hakukitupa mdomoni kama zamani. Alivaa miwani. Alikiweka kiganjani, akakisogeza karibu na taa, akakigeuza upande huu na upande ule, akisoma herufi ndogo zilizopigwa juu yake. Na Ardith alisimama hapo mbele yake, glasi mkononi, akingoja mumewe amalize kuhakikisha.